Zanzibar No. 1

Dekali ni kitu chembamba kuliko ganda la kitunguu. Unaikata kwa mkasi mdogo, unaitia kwenye maji ya uvuguvugu, unahesabu nusu dakika, kisha unaitelezesha kwa brashi mpaka mahali pake. Ukikosea inajikunja na kuchanika, na hakuna nyingine. Usiku mmoja wa Januari, katika chumba changu cha kupanga huku Uingereza, niliikata moja nikaitia kwenye kisahani, halafu nikakaa nikiitazama. Nusu dakika ikapita. Dakika kumi zikapita. Dekali ikajitenga na karatasi yake, ikawa inaelea peke yake juu ya maji yaliyokwisha kupoa. Ilikuwa na neno moja na namba moja: ZANZIBAR No. 1.

Baba yangu ni mtu wa Unguja na mama yangu ni mtu wa Pemba. Nimekuja huku kusoma shahada ya uzamili ya historia, sikuja kuunganisha ndege za plastiki. Hobi hii nilipewa na baridi. Mwezi wa pili tangu nifike niliona tangazo mlangoni mwa ukumbi mmoja karibu na ninapokaa: klabu ya modeli, kila Alhamisi jioni, chai bure. Niliingia kwa ajili ya chai. Nikakuta wazee kumi na wawili wameinama juu ya meza, kila mmoja na taa yake na kioo chake cha kukuzia, kimya kama watu wanaotoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Nilikaa. Wiki iliyofuata nilirudi.

Kwa asiyejua, mambo yenyewe ni haya. Unanunua boksi. Ndani mna vipande vya plastiki vilivyoshikamana na fremu zake, kitabu cha maelekezo na karatasi ya dekali. Unakata, unasugua kwa msasa, unagundisha, unapaka rangi. Ndege hutengenezwa kwa vipimo vinavyojulikana: moja kwa sabini na mbili, moja kwa arobaini na nane, moja kwa thelathini na mbili. Katika kipimo hiki cha mwisho, mtu mzima anakuwa na urefu wa kidole.

Lakini boksi ni mwanzo tu. Pembeni yake lipo soko zima la vitu vya ziada, kwa wale ambao plastiki ya boksini haiwatoshelezi. Kuna karatasi za shaba zilizochongwa kwa asidi, ambazo kampuni kama Eduard ya Ucheki imejijengea jina kwazo: unakunja kwa koleo na kupata kanyagio la rubani, kishikio cha mlango, fremu ya dirisha. Kuna viti na injini za resini. Kuna mitutu ya bunduki iliyokerezwa kwa shaba, yenye tundu la kweli mbele. Kuna mikanda ya kiti inayofanana na kitambaa, na kila bakoli yake inatiwa peke yake kwa ncha ya sindano. Mwezi ule nilitumia pauni 38 kwa vitu ambavyo vyote kwa pamoja vingeenea kwenye kijiko cha chai. Sikumwambia mama.

Boksi lenyewe sikulinunua. Nilipewa na mzee mmoja wa klabu, fundi mstaafu wa reli. Siku moja aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, akaondoka. Alhamisi iliyofuata alikuja na boksi kubwa mkononi, bado limefungwa kwa nailoni. “Hii ilikuwa inamngoja mwenyewe,” akasema.

Lilikuwa boksi la Wingnut Wings, kampuni ya New Zealand ya Peter Jackson, yule mwongozaji wa filamu, ambaye mapenzi yake kwa ndege za Vita Kuu ya Kwanza yalizaa modeli ambazo wengi wanaziona bora kuliko zote za aina yake. Kampuni ilifungwa mwaka 2020, na tangu hapo maboksi yake hutafutwa kama lulu. Mzee yule angeliuza kwa pesa nzuri. Alinipa mimi kwa sababu ya neno moja kwenye karatasi ya dekali.

Ndege yenyewe ni FE2b, iliyobuniwa katika kiwanda cha serikali ya Uingereza pale Farnborough. Ni ndege ya ajabu kuitazama. Injini na panga lake viko nyuma, mkia umeshikwa kwa mifupa mitupu, na watu wawili wanakaa mbele katika chombo kinachofanana na beseni la kuogea. Mwangalizi yuko puani kabisa, rubani nyuma yake. Bawa kwa bawa ina mita kumi na nne na nusu. Ya kwangu ina sentimita arobaini na tano. Imejaa waya, na kila waya katika modeli nzuri huvutwa kwa uzi mmoja mmoja, juu mpaka chini, kushoto mpaka kulia. Nilitumia majuma matatu kwenye nyuzi tu.

Nilipokuwa nikitia mkanda wa rubani, ndipo nilipojifunza jambo la kwanza kuhusu watu wa ndege hii. Mwangalizi hakuwa na mkanda. Adui akija kwa nyuma, alitakiwa apande juu ya ukingo wa beseni lake, ageuke, na apige bunduki juu ya bawa la juu, ndege ikipinda na kuyumba maelfu ya futi angani, akiwa amejishikiza kwa ile bunduki yenyewe. Nilikiangalia kile kiti chake kidogo, nikaangalia mikanda yangu ya pauni tisa, nikahisi kitu tumboni. Modeli ilikuwa imenifundisha hofu ya mtu, na ilinifundisha kwa kukosa kitu.

*

Nakaa nyumba moja na kijana wa Mombasa anayesoma afya ya jamii. Yeye ndiye aliyeanza kuniuliza. Alisimama mlangoni na sahani yake ya wali, akanitazama nikipuliza rangi.

“Sasa wewe, ndugu yangu, watu wanazikimbia hizo, wewe unazigundisha?”

Nilicheka, lakini swali lilibaki chumbani baada ya yeye kuondoka. Nimejaribu kulijibu kwa njia tatu.

Jibu la kwanza ni kwamba hii ni plastiki tu. Haiui mtu. Jibu hili ni la kweli, lakini halinisaidii, kwa sababu mimi mwenyewe siliamini. Kama ni plastiki tu, kwa nini nilikesha nikitafuta kama kitambaa cha bawa kiliachwa na rangi yake au kilipakwa kijani? Mtu hawezi kusema kitu hakina maana huku amekitolea usingizi wake.

Jibu la pili ni uzuri. Ndege ni kazi ya mikono na akili, na kazi nzuri inastahili kutazamwa. Hili nalo ni kweli. Kwenye makumbusho yetu Zanzibar watu husimama kutazama majambia na hakuna anayewauliza wanataka kumchoma nani. Lakini uzuri wa jambia ni jambo moja, na matumizi yake ni jambo jingine, na anayesifu la kwanza bila kulitaja la pili anakuwa amechagua.

Jibu la tatu ni la yule mzee. Nilipompelekea swali, aliweka brashi yake chini, akatoa simu na kunionyesha picha. Ilikuwa ukuta mweupe umejaa majina, na kidole chake kimegusa jina moja. Ni kaka wa babu yake. Alikufa Somme mwaka 1916, mwili haukupatikana, na jina lake limechongwa Thiepval, Ufaransa, pamoja na wengine zaidi ya 72,000 wasio na kaburi. “Mimi siipambi vita,” aliniambia. “Watu hawa walikuwa na umri wako. Nikipata rangi ya kamba ya kiti chake iwe sawasawa, kwa saa moja nimekaa naye. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekaa naye siku hiyo.”

Hilo ni jibu la mtu mzima, na kwa muda lilinitosha. Anachosema ni kwamba usahihi ni namna ya heshima. Kumtazama mtu kwa makini, hata kupitia kiti chake, ni kukataa asiwe namba. Nilirudi nyumbani nikaendelea na nyuzi zangu kwa moyo mkunjufu. Ndipo nikafika kwenye dekali.

*

Wakati wa vita ile, Uingereza ilikuwa na utaratibu wa ndege za zawadi. Makoloni, miji, vyama, wafalme wa himaya na matajiri walichangia pesa, na kwa kila mchango wa kutosha ndege moja iliandikwa jina la mtoaji. Hivyo ndivyo FE2b ya Kikosi namba 25 ilivyokuwa ikiruka Ufaransa mwaka 1916 ikiwa na jina la kisiwa ambacho marubani wake huenda wasingeweza kukionyesha kwenye ramani. Hicho ndicho kikosi ambacho Waingereza husema kilimwangusha Max Immelmann, yule rubani mashuhuri wa Ujerumani, mwezi Juni mwaka ule. Wajerumani walisema bunduki yake mwenyewe ilikata panga lake. Wazee wa klabu wanaweza kubishana juu ya hilo mpaka chai ipoe.

Zanzibar No. 1 iliangukia mikononi mwa Wajerumani mwaka huohuo. Wakaipiga picha, na picha hizo ndizo zinazotuwezesha leo kujua maandishi yalikaa wapi. Na jina halikufa na ndege. Utaratibu ulikuwa kwamba ndege ya zawadi ikipotea, jina lake huhamishiwa nyingine, ili mtoaji aendelee kuwakilishwa angani. Chombo kinaondoka, jina linabaki.

Nilipomwambia yule mwenzangu wa Mombasa, alipiga makofi. “Kumbe mlikuwa na ndege yenu! Na hamkutwambia!”

Na mimi nilifurahi, sitaficha. Ni raha kuona jina la kwenu mahali usipolitarajia. Lakini furaha ile ilianza kuniwasha kama upupu, maana nasoma historia na najua kusoma risiti. Pesa yoyote iliyotoka Unguja na Pemba wakati ule, iwe ya hazina, ya ikulu au ya mfanyabiashara, ilikuwa na harufu ya karafuu. Karafuu ndiyo iliyokuwa uchumi. Na utumwa ulikuwa umefutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, miaka kumi na tisa tu kabla ya ndege ile kutekwa. Mikono iliyochuma karafuu za mwaka 1916 ilikuwa, mingi yake, ya watu waliozaliwa wakiwa mali ya watu. Hao hawakuulizwa kama wanataka kununua ndege.

Nikampigia simu bibi, mama yake mama, kule Wete.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Unakula?”

Nilimhakikishia kwamba nakula. Nikamuuliza kama aliwahi kusikia watu wa zamani wakisema Zanzibar ilitoa ndege katika vita vya Wajerumani. Akacheka. Ndege hakuisikia. Akanyamaza, kisha akasema: “Sie tulitoa baba mkubwa.”

Sikuwahi kusikia habari hiyo. Kaka yake baba yake alichukuliwa upagazi, akapelekwa bara na Waingereza, kubeba mizigo ya askari. Hakurudi. Hakuja mtu na barua, hakuja mtu na nguo zake. Mama yake alikaa miaka akimwekea chakula chake kila siku ya kwanza ya mfungo. Bibi alizaliwa muda mrefu baadaye, na alichorithi ni jina moja tu, la mtu mwenyewe, bila jina la babake na bila namba. Akanitajia. Nikaliandika nyuma ya kitabu cha maelekezo ya modeli, kwa sababu ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.

Mambo mengine ya upagazi ule yanajulikana na kila anayesoma historia ya kwetu, au yangepaswa kujulikana. Waingereza walitumia kiasi cha watu milioni moja kubeba mizigo katika vita vya Afrika Mashariki, kwa sababu mbung'o waliua wanyama na mvua iliua barabara. Kwa hesabu za wakoloni wenyewe walikufa zaidi ya 40,000; wanahistoria wengi wanaamini walikaribia 100,000. Waliuawa kwa kuhara, malaria, nimonia na chakula kibovu, kuliko kwa risasi. Unguja na Pemba nazo zilitoa wapagazi wake. Kilichobaki mdomoni mwa watu ni majina ya masoko na mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi, yote mawili yakitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Tunakwenda huko kununua nyanya.

Mwaka 1917 Uingereza iliunda kamisheni ya kutunza makaburi ya vita, na msingi wake ulikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo wala dini. Ndiyo iliyochonga jina la ndugu wa yule mzee pale Thiepval. Aprili 2021 kamisheni hiyohiyo ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi walihesabiwa kwa jumla, na sanamu moja ikaonekana inawatosha.

Kwa hiyo nilikaa mbele ya kisahani changu cha maji na mambo mawili yaliyotoka kisiwani mwaka mmoja au miwili mbalimbali. La kwanza ni ndege, ambayo jina lake lilitunzwa kwa uangalifu hata likapewa mrithi. La pili ni mtu.

*

Hapa ndipo swali la mwenzangu lilipobadilika mikononi mwangu. Sikuwa tena najiuliza kama ni halali kuunganisha ndege ya vita. Nilijiuliza: inawezekana kitu kikawa sahihi mpaka ribiti ya mwisho na bado kikadanganya?

Kwanza nilisema hapana. Usahihi ni ukweli mdogomdogo. Ukijumlisha kweli nyingi huwezi kupata uongo. Lakini nilifikiria jambo linalojulikana na kila mjenzi wa ndege za Kijerumani za vita ya pili. Sheria ya Ujerumani inakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi, isipokuwa kwa sababu maalumu kama elimu na sanaa. Kwa hiyo maboksi mengi huja bila swastika kwenye mkia, au huja nayo imekatwa vipande viwili, na mwenye kutaka aviunganishe mwenyewe. Funika kombe mwanaharamu apite. Sheria yenyewe naielewa na ningeipigia kura. Lakini tazama matokeo yake mezani: ndege iliyo sahihi katika kila skrubu, na mkia wake mtupu. Mtoto akiiona atafikiri ilikuwa ndege tu.

Wapo watakaosema kila modeli inaacha mambo, na kweli inaacha. Katika kipimo changu, kila urefu umegawanywa kwa thelathini na mbili. Hakuna harufu ya mafuta, hakuna baridi, hakuna kelele. Hakuna anayesema hapo pana uongo. Kwa nini basi kumwacha baba mkubwa wa bibi kuwe tofauti na kuiacha harufu ya mafuta?

Nimelifikiria hili kwa majuma kadhaa, na nadhani tofauti ni hii. Kuacha hakuna lawama pale ambapo kila mtazamaji anaona kwamba kitu kimeachwa. Kila mtu anajua modeli haina harufu. Hakuna anayeondoka akiamini kwamba FE2b zilikuwa hazinuki. Lawama inaingia pale ambapo wingi wa vilivyomo unamfanya mtazamaji aamini kwamba hakuna kilichokosekana. Na hiyo ndiyo kazi hasa ya vitu vya ziada tunavyonunua. Kila bakoli ya mkanda, kila tundu la mtutu humwambia anayetazama: tumeangalia kila kitu, hapa hapana pengo. Modeli mbaya, yenye alama za gundi na madirisha yenye ukungu, inakiri upungufu wake. Modeli nzuri sana ndiyo yenye hatari, kwa sababu inaaminika.

Na hili si la plastiki peke yake. Kamisheni ile haikuwa ya watu wazembe. Walikuwa watu wa usahihi, waliofikiria umbo la kila herufi kwenye jiwe. Ukisimama mbele ya majina 72,000 yaliyochongwa bila kosa, unawezaje kufikiri kwamba kuna orodha nyingine haikuandikwa? Umakini wa ukuta ule ndio unaokuziba macho. Na mimi ninayeandika tasnifu yenye tanbihi mia mbili sina budi kujiangalia mwenyewe. Tanbihi nazo ni vitu vya ziada vya shaba.

Alhamisi iliyofuata nilimweleza mzee haya yote, kwa Kiingereza changu cha haraka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo nililistahili: “Sasa unataka nini? Kila mtu aweke wafu wote wa dunia chini ya ndege yake? Mimi najenga Spitfire, niweke na mchimbaji wa madini yaliyotoa bati lake?”

Ni swali zuri. Mtu akidaiwa ukweli wote, hataweza kusema lolote. Hakuna modeli, hakuna kitabu, hakuna hata barua ya nyumbani inayoweza kubeba kila kilichofanya kitu kiwepo. Kama wajibu ungekuwa huo, bora kukaa kimya, na ukimya ndio uliomzika baba mkubwa.

Nilimjibu kwa lugha ya klabu. Nilimwambia: wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukiona alama yoyote kwenye picha ya zamani, iwe kiraka au mkwaruzo au namba, unaifuata mpaka ujue ilitoka wapi. Hukuniambia nifuate kila kitu duniani. Uliniambia nifuate alama zilizo juu ya ndege yenyewe. Basi hili neno liko juu ya ndege. Halikuletwa na mimi wala na siasa zangu. Lilipakwa rangi pale mwaka 1916 na watu waliotaka lisomwe. Nikilifuata kama ninavyofuata ribiti, linanifikisha Pemba.

Mzee aliichezea brashi yake kwa muda. “Hiyo ni haki,” akasema. Halafu akaongeza, kama anayezungumza na meza: “Sikuwahi kujua walikuwa wengi kiasi hicho.”

*

Nilifikiria kuiacha dekali. Pale pangebaki patupu, na pengo hilo lingekuwa malalamiko yangu. Lakini hiyo ingekuwa kama ule mkia mtupu: ningelificha deni kwa kisingizio cha kulikataa. Jina ni ushahidi. Mdai hachani hati.

Nilifikiria pia kutengeneza kitako chenye mpagazi, kidole kimoja cha resini, mzigo kichwani. Nilianza hata kumchonga. Nikaacha. Rubani naweza kumtia kitini kwa sababu najua alikaa wapi, alivaa nini, alishika nini. Baba mkubwa simjui sura. Ningemvisha uso wa kubuni, na kumweka chini ya ndege ambayo hakuwahi kuiona, katika nchi ambayo hakuwahi kufika, ili mimi nijisikie vizuri. Heshima ya yule mzee kwa marubani wake inasimama juu ya kujua. Yangu ingesimama juu ya kutojua iliyopakwa rangi.

Kwa hiyo niliiweka dekali. Ile ya kwanza ilikuwa imeshachanika pembeni baada ya kuelea usiku kucha. Niliikunjua kwa pumzi na ncha ya brashi, na ukiangalia kwa karibu utaona herufi ya R ina ufa. Sikuurekebisha.

Mwezi Machi klabu ilikuwa na maonyesho. Kila modeli huwekewa kadi: aina ya ndege, kipimo, rangi zilizotumika, vitu vya ziada vilivyoongezwa. Mimi nilijaza yote hayo. Chini ya vitu vya ziada, baada ya mikanda na vikaza waya, niliandika mistari mitatu: kwamba ndege ya kweli ilikuwa zawadi ya Zanzibar, kwamba zawadi hiyo ilitoka katika visiwa vya karafuu, na kwamba visiwa hivyo vilitoa pia wapagazi, ambao wengi wao hawakurudi wala hawakuandikwa. Kisha nikaandika jina alilonitajia bibi. Hapa sitaliandika. Nilimuomba ruhusa ya kadi moja, naye alinipa ruhusa ya kadi moja.

Sikushinda. Mwamuzi alisema nyuzi zangu mbili za kushoto zimelegea, na alikuwa sahihi. Lakini watu walisimama. Walikuja kutazama nyuzi, wakainama kusoma kadi ili wajue nimetumia rangi gani, wakakuta jina. Mama mmoja aliyekuja na mtoto wake alinijia akauliza linatamkwaje. Nikamtamkia. Akajaribu, akakosea, nikamtamkia tena, akalipata.

Usiku nilimpigia bibi. Nilimwambia kwamba Mzungu mmoja leo amelisema jina la baba mkubwa. Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani simu imekatika.

“Alilisema vizuri?” akauliza.

Nikamwambia mara ya pili alilisema vizuri.